Shtaka la Bi Bayana

Katika nchi ya Utukufuni, inayopakana na Ghururi upande wa kusi na Sahau upande wa kaskazi, ilikuwa ada tangu enzi na enzi kwamba wasifu wa kila mwenye nasaba husomwa hadharani siku ya Ijumaa, ili watu wazima waustahi na wachanga wauige. Waosha maiti hawakuhesabiwa. Waliitwa Wasotajwa, hawakupewa mkono, hawakualikwa harusini, na sheria iliwaharamishia kusimulia habari zao, kwa hoja kwamba mtu duni hana maisha, ana siku tu.

Bi Bayana, mjane aliyeifanya kazi hiyo miaka thelathini, aliihalifu sheria sokoni, adhuhuri, mbele ya wauza vitunguu. Binti yake, Thamani, alikuwa amefariki, na hapana jirani aliyekanyaga matangani. Bayana aliona kwamba akinyamaza, mwanawe atakuwa kama hakuzaliwa. Basi akasimulia. Mlinzi wa soko akaandika kila neno, akamshtaki.

"Wakiri kosa?" aliuliza Kadhi Takaburi.

"Nilisema mengi, Mheshimiwa. Sijui nakiri lipi. Naomba nisomewe."

Sheria ilimpa haki hiyo. Bwana Fasaha, mwendesha mashtaka, akasoma kwa sauti ya dharau: namna Bayana alivyorithi kazi kwa mamake, namna alivyomwosha mama wa Kadhi mwaka wa tauni, jamaa zake walipoogopa kumgusa, namna Thamani alivyoshona kofia kwa mkono wa kushoto, akacheka hovyo, akafa kwa homa, akaoshwa na mamake peke yake, maana hakupatikana hata mtu mmoja wa kumshikia maji.

Hapo Fasaha akaishusha karatasi.

"Endelea, mwanangu," alisema Bi Bayana. "Umebakisha kidogo."

Bayana hakuhisi ushindi. Alisikia tu jina la binti yake likitamkwa na kinywa kisichokuwa chake.

"Habari za mama yangu zifutwe!" Kadhi aliamuru.

"Huo ndio ushahidi, Mheshimiwa," karani alijibu. "Ukifutwa, hapana kesi."

Kadhi hakufuta. Alimhukumu Bayana kifungo cha miezi mitatu, naye akaenda bila ya kulalama.

Asubuhi ya pili, Wasotajwa arubaini walijipanga mlangoni pa mahakama, wake kwa waume, kila mmoja akidai ashtakiwe, naye asomewe. Bwana Fasaha akaketi, akachovya kalamu.

"Nani wa kwanza?"