Chupa Yenye Jina la Mwanangu

Jirani yangu, fundi cherehani, ndiye aliyenichoma kwa uvumi huo: kwamba binti yangu, kitinda mimba wangu, kule kazini humwita mkubwa wake "mama". Aliusema akicheka, pini mdomoni. Nami nilicheka, ila maneno yakanikwama rohoni, hayashuki wala hayatoki.

Binti na huyo mkubwa wake, mwanamke mkemia, wako maabara ya kiwanda cha saruji. Moshi wa bomba hupitishwa kwenye dawa ya maji inayonyonya hewa ya ukaa, isipande angani. Dawa ya zamani inanuka samaki waliooza, tena inakula moto mwingi kuichemsha mpaka iachie ilichokishika. Wao wanatafuta nyingine isiyo na makuu. Binti akirudi ni mkemia kasema hivi, mkemia kacheka vile. Mimi niliyeishia darasa la saba kazi yangu kuitikia.

Siku moja nikampelekea chakula ambacho hakukiagiza. Nikamkuta yule mkemia akimkunjia mikono ya koti jeupe, taratibu, kama nilivyokuwa nikimkunjia sare ya shule.

"Karibu, dada," akaniambia. "Mwanetu huyu ana mikono ya dhahabu."

Mwanetu. Neno hilo nililimeza bila maji.

Walipoitwa kwenye mitambo, nikabaki na chupa zao. Moja ilibandikwa karatasi: Kipusa. Hilo ni jina nililompa mimi, akiwa bado anatambaa. Wameibatiza dawa yao jina la mwanangu, na mimi sina habari. Nikaifungua niinuse. Haikunuka kitu. Niliposikia viatu, nikarudisha kifuniko juujuu.

Sikujua imefungwa wiki tisa ili waone kama inachakaa. Sikujua hunyonya hata pumzi ya mtu. Siku ya tatu binti akarudi macho mekundu. Chupa imeshiba hewa ya chumbani, jaribio limekufa, na wakubwa wanasema ni yeye hakukaza kifuniko. Mkataba wake unaamuliwa Ijumaa.

"Mama, uligusa kitu siku ile?"

Nikasema sikugusa.

"Hata mkemia alisema hivyo," akanijibu. "Nilipokutaja alinikatiza. Akasema mama hawezi kumharibia mwanawe. Sasa kawaandikia wakubwa kwamba chupa aliifungua yeye mwenyewe."

Afadhali angenitukana. Tusi ningelijibu.

Leo ni Alhamisi. Nimevaa viatu tangu asubuhi na bado nimekaa kitandani. Kabla sijatoka kwenda kiwandani, nawaandikia wenzangu wenye mabinti makazini mambo ya kuepuka:

Usiende kazini kwa mwanao kumvizia ukajifanya umeleta chakula.

Usifungue chupa ya watu, hata ikiwa na jina la mwanao.

Usimhesabu mwizi kila anayempenda mwanao.

Usiseme "sikugusa" huku mtoto anakutazama usoni.

Usingoje Ijumaa.