Sadaka na Pande Zake Mbili

Muuza mazulia alikuwa mtu wa ihsani, na ihsani yake haikupata kumpita mtu bila kumsalimu. Walimwita Mkono Wazi, na lakabu hiyo ilimkaa vyema kuliko kanzu ya kupimwa. Duka lenyewe lilikuwa la ubia: nusu lake, nusu la dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyeweka hesabu.

Alhamisi moja alirudi msikitini uso umekunjuka. Mazulia manne aliyoyatoa dukani asubuhi yalikwisha kutandikwa safu ya mbele, na kesho imamu angemtaja kwa jina mbele ya umma wa Ijumaa.

"Dada, yaandike sadaka. Kwa bei ya kununulia."

"Kule msikitini umetaja bei ipi?"

"Ya kuuzia. Kule si dukani."

Dada akachora T ya akaunti ya mazulia, kushoto pa kuingia na kulia pa kutoka, akaandika upande wa kulia yaliyotoka. Kalamu ikasita.

"Kilichotoka huku hakina budi kiingie kwingine. Nikiandika kushoto, Gharama ya Sadaka, hiyo ni gharama ya duka. Tumetoa wawili."

"Naam, limetoa duka!"

"Basi imamu atutaje wawili."

Mkono Wazi akaruka kana kwamba amemwagiwa maji ya barafu. "Dada! Nani aliyeyabeba begani?"

"Hamali, na nimemlipa mimi. Ukitaka yawe yako peke yako, nitaandika Matumizi ya Kaka, yakatwe kwenye fungu lako la faida."

"Yote manne?"

"Kwani imamu anakutaja robo?"

Akakuna ndevu. "Hakuna upande wa tatu?"

"T ina mikono miwili tu, mdogo wangu, kama wewe."

Fungu lile moyoni alikwisha kulijengea ghorofa. Kulitoa hakuweza, na kugawana sifa hakutaka. Basi akamwambia dada aandike gharama ya duka, akamwendea imamu na sauti ya unyenyekevu. "Sheikh, usinitaje. Sadaka njema ni ya siri." Kama yeye hatajwi, aliwaza, dada naye hatajwi; na watu si vipofu, watajua tu.

Imamu akalengwalengwa na machozi. Ijumaa akahutubu kwa kirefu juu ya mja aliyetoa mkono wa kuume, wa kushoto usijue. Macho ya waumini yakazunguka, yakatua kwa muuza saruji, bahili wa kupigiwa mfano, ambaye wakati huo alikuwa ameinamisha kichwa kwa usingizi. "Subhanallah," wakanong'ona, "tulimdhania vibaya!" Baada ya sala wakapanga foleni kumpa mkono. Naye, asijue anashukuriwa kwa lipi, akamwitikia kila mmoja: "Amin, amin."

Mkono Wazi alifika dukani akihema. "Dada, futa ile hesabu!"

"Shajara ya hesabu haifutwi. Hurekebishwa kwa ingizo jingine."

"Ingiza basi! Matumizi yangu, yote manne, na karatasi yake nimpelekee imamu sasa hivi."

Dada akaandika: kushoto, Matumizi ya Kaka, kulia, Gharama ya Sadaka. Akapiga mstari, akainua macho. "Kila ingizo huwa na maelezo chini yake. Niandike imetolewa kwa ajili gani?"

"Kwa ajili ya Mwenyezi Mungu," akajibu, akinyoosha mkono kuichukua karatasi. "Na jina langu liwe kwa herufi kubwa, dada. Imamu macho yake hafifu."