Dakika Nne

Behewa la tatu la treni ya asubuhi lilikuwa na kiti kimoja cha dirishani kisichokaliwa na mtu ila karani mmoja wa ofisi ya mjini. Hakikuandikwa jina, na tiketi ya karani haikuwa ya bei kubwa kuliko ya mwingine. Kilikuwa na kipande cha shuka kuukuu, cheupe chenye mstari wa buluu, kimepindwa pembeni kwa mkono. Kipande hicho kikiwa juu ya kiti, hata mjamzito alikitazama tu na kuendelea kusimama. Abiria wa kila siku wana sheria zao, jamani, na ukizivunja utazomewa mpaka ushuke.

Kipande kilikuwa cha mama mmoja waliyemwita Mama Mashuka, kwa kuwa alifua mashuka ya hospitali mjini. Alipanda kituo cha tanuri, kituo kidogo kando ya tanuri la matofali, chenye benchi moja na bati lililotoboka. Treni ikifika pale huwa bado ina nafasi. Mama Mashuka aliingia akichechemea, maana goti lake la kushoto halikupona tangu siku alipoteleza kwenye sakafu ya sabuni, akakaa, na kiti cha jirani akakitandikia kitambaa chake. Kituo kinachofuata ni makutano, na hapo ndipo watu humiminika wakisukumana utadhani ndani kuna kitu kinagawiwa bure. Karani alipanda hapo. Aliingia wa mwisho, hana papara, nywele zimechanwa, akapenya katikati ya jasho la wenzake na kwenda kukaa. Miaka tisa! Miaka tisa mtu mzima hajasimama hata siku moja.

"Karibu, mheshimiwa," Mama Mashuka alimwambia kila asubuhi. "Nimekifunika kisije kikapoa."

"Asante, dada. Leo una nini?"

Malipo yake yalikuwa kumsomea. Mvuke na dawa za kufulia vilikuwa vimemla macho yule mama, herufi ndogo akaziona ukungu mtupu. Basi karani alimsomea barua za mwanawe aliye mbali, matangazo ya hospitali, maelezo ya dawa ya goti. Na tumpe haki yake, sauti alikuwa nayo, na mwandiko pia. Ukiuona mwandiko wake ungetamani akuandikie hata orodha ya sokoni.

Tatizo la karani lilikuwa geti. Ofisi yao ilifunga geti saa moja na nusu kamili, na treni ilifika mjini saa moja na dakika ishirini na nane. Kutoka stesheni mpaka getini ni mwendo wa dakika sita. Zamani mlinzi alikuwa mzee mwenye huruma, akimwachia upenyo. Mzee akastaafu, akaja kijana asiyecheka na mtu. Ndani ya miezi miwili karani akapokea barua mbili za onyo, na ya pili ilisema wazi kwamba ya tatu haitakuwa ya onyo.

Utasema si apande treni ya kwanza? Ipo, inapita makutano dakika arobaini kabla. Mkewe alimwambia hivyo hivyo. Thubutu! Karani na usingizi wake wa alfajiri? Alimjibu mkewe kwamba yeye si mwuza maziwa, akajifunika.

Sasa Jumatatu moja shirika la reli likagawa fomu. Walitaka kujua mazoea ya abiria: unapanda wapi, unashuka wapi, siku ngapi kwa wiki, unaendea nini, ungependa nini kibadilike. Mkaguzi wa tiketi alizigawa huku akipiga soga.

"Wanataka kuharakisha treni," alimwambia karani. "Kituo kitakachokosa watu ishirini kwenye fomu, mwezi ujao kinarukwa. Kila kusimama kunakula dakika nne."

Karani akahesabu kimoyomoyo. Ishirini na nane kutoa nne ni ishirini na nne. Ishirini na nne na sita za kutembea, saa moja na nusu barabara. Na kijana wa getini atanuna bure.

"Tanuri wanapanda wangapi?" akauliza, akitazama nje, amejitia hamnazo.

"Ishirini na saba, ishirini na wanane. Watapona kwa tundu la sindano."

Ijumaa Mama Mashuka akaja na bahasha. Alikuwa amekusanya fomu za wenzake wa tanuri, kumi na moja pamoja na yake, zote zimetiwa sahihi chini na juu hazina kitu. Wengine walijua kuandika vizuri tu. Lakini nani ahangaike na kalamu kwenye behewa linalotikisika, na mwenye mwandiko yupo?

"Tujazie, kaka," alisema. "Wote tunapanda tanuri, wote tunashuka mjini, siku sita. Na pale pa kubadilisha, waambie watuzibie bati. Mvua ikinyesha tunafika kazini tumeshafuliwa na sisi."

Behewa zima likacheka. Karani naye akacheka, akaitia bahasha kwenye mkoba.

Jumamosi mchana alikaa mezani kwake, akafuta vumbi, akapanga fomu kumi na moja zikalingana pembe. Kituo cha tanuri chenyewe hakuwahi kukiona. Asubuhi alipanda baada yake, jioni alishuka kabla yake. Hakujua benchi lile limeegemea upande gani. Alianza na fomu ya Mama Mashuka. Unapanda wapi? Aliandika: Makutano. Niwaambie ukweli, kama roho ilimsuta basi ilimsuta kwa sauti ndogo sana. Ungependa nini kibadilike? Aliandika: Treni iende kwa kasi zaidi. Akarudia mara kumi. Alipomaliza alimwita mkewe amletee chai, na siku ile hata chai aliisifu.

Mwezi ulipoanza, treni ikapita tanuri bila kusimama.

Habari aliipata kwa kinyozi, aliyepanda vituo viwili kabla ya tanuri na kukaa kiti cha nyuma yao. "Lo, ungeona!" kinyozi alisema. "Walidhani dereva kasahau. Mama Mashuka akatoa kile kitambaa chako, akawa anakipunga, anapiga kelele 'Tupo! Tupo hapa!' Tumempita hivi hivi tunamtazama."

Karani alimsikiliza akiwa amesimama, ananing'inia kwenye bomba, mgongo wa mtu umembana kifuani. Kiti chake kilikuwa kimekaliwa na mwanafunzi. Hili la kiti hakulipigia hesabu, na lilimkera asubuhi nzima. Lakini alikaza mwendo, na saa moja na dakika ishirini na tisa alikuwa getini, na kijana asiyecheka alilazimika kusema karibu.

Mama Mashuka akaanza kutembea. Kutoka tanuri mpaka makutano, kandokando ya reli, ni saa nzima kwa mtu mwenye magoti mawili. Yeye ilimchukua karibu saa mbili. Na treni ya kwanza, ile ya usingizi wa karani, haikuwahi kusimama tanuri tangu hapo. Wiki ya kwanza alifika makutano mara tatu akaukuta mkia wa treni. Msimamizi wa ufuaji alimpenda, akamfanyia hisani ya mwisho: mpaka Ijumaa. Treni yako ikirudi, na wewe urudi. Isiporudi, wapo wanaosubiri nafasi mlangoni.

Jumatano asubuhi alimkuta karani ukumbini makutano. Goti lilikuwa limevimba limejaza sketi.

"Kaka, Mungu kakuleta," alisema. "Twende kwa mkuu wa stesheni. Leo nimekuja na mchoma matofali, yeye ana sauti ila maneno hana. Wewe ndiye utakayetusemea."

Karani akatazama saa. Treni ilikuwa imebakiza dakika kumi kufika. Angekataa, watu wangemshangaa. Akaenda.

Mkuu wa stesheni hakuwa mtu mbaya. Aliwapa viti, akafungua faili, akatandaza fomu mezani.

"Tanuri tumepata watu kumi na sita," alisema. "Sharti ni ishirini."

"Kumi na sita?" mchoma matofali akang'aka. "Sisi ni ishirini na saba!"

"Mama, hii sahihi ni yako?"

Mama Mashuka akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Yangu."

"Basi hapa juu umesema unapanda makutano. Na hawa kumi wengine hivyo hivyo. Mwandiko ni mmoja. Nani aliandika?"

Walimgeukia karani, wote wawili, na Mama Mashuka alikuwa bado ana tabasamu, kama anayengoja fundi aseme kiko wapi kibovu.

"Kama mwandishi alikosea, si jambo la kutugombanisha," mkuu wa stesheni alisema, akasukuma karatasi tupu na kalamu mbele ya karani. "Andika mstari mmoja tu, kwamba ulikosea, utie sahihi. Ijumaa treni inasimama."

Mstari mmoja! Mtu aliyeandika maelfu ya mistari maishani, ya watu asiowajua, kwa mshahara. Karani aliitazama ile kalamu. Akaliona geti, akaiona barua ya tatu, akajiona anaamka alfajiri na wauza maziwa.

"Mimi sikukosea," alisema. "Niliandika nilichoambiwa."

Mama Mashuka akainua uso kutoka kwenye karatasi. "Mimi nilikwambia makutano?"

"Uliniambia, dada. Labda ulichanganya. Siku hizi umekuwa msahaulifu, hata juzi dawa uliniuliza mara mbili." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kusomea barua, laini, haina haraka.

"Mama, wewe ndiye uliyechukua fomu zetu!" mchoma matofali alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Ulisema nipeni mimi, nina mtu wangu! Angalia ulichotufanyia!"

"Usimfokee mtu," Mama Mashuka alisema. "Huyu kaka nimemwekea kiti miaka tisa. Ana sababu gani ya kuniongopea? Kama anasema nilisema, basi nilisema. Ni haya macho, yamekula mpaka kichwa." Akamgeukia mkuu wa stesheni. "Nisamehe, baba. Nimekupotezea muda."

Mkuu wa stesheni alimtazama karani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akafunga faili, maana treni ilikuwa inaingia. Karani aliiwahi.

Kule tanuri, nasikia, tangu siku ile hawakumwachia Mama Mashuka nafasi kwenye benchi, ingawa benchi lenyewe halikuwa na treni tena. Wanawake aliochota nao maji walimpa kisogo. Mchoma matofali alieleza kila nyumba kwamba kituo kimeuawa na kimbelembele cha bibi mmoja. Na yeye hakujitetea, alikuwa amekubali.

Jumanne iliyofuata alikuwa tena makutano, amekaa juu ya kreti, anamngoja karani. Mkononi ana bahasha.

"Imetoka kazini," alisema. "Nimekaa nayo tangu jana. Sikutaka mwingine anisomee."

Karani akaifungua. Ungemtegemea hapo apunguze, arukeruke, aseme macho yake nayo leo hayaoni. Wapi! Aliisoma yote, kuanzia tarehe mpaka cheo cha aliyetia sahihi, akapumzika kwenye kila nukta. Hospitali inamshukuru kwa miaka kumi na saba. Nafasi yake imejazwa. Arudishe aproni mbili na viatu vya mpira.

"Unga ndio umemwagika," Mama Mashuka alisema. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja kama mtu anayefuta jasho, na kilio kikaishia hapo. "Umesoma vizuri. Asante."

Akaingiza mkono kwenye mfuko, akatoa kile kitambaa. Kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi, kimekunjwa mara nne.

"Kinyozi kaniambia unasimama. Mgongo wako huo hautaki kusimama. Mpe yeye, anapanda mbali, awe anakuwekea."

Mnasemaje? Kwamba alikikataa? Kwamba alipiga magoti pale kwenye changarawe na kutubu mbele ya watu? Alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema, "Asante, dada," na treni ikaingia.

Kesho yake kinyozi alikuwa amekitandika kitambaa kwenye egemeo la kiti cha dirishani. Karani aliingia wa mwisho, nywele zimechanwa, akapenya, akakaa. Kitambaa kilinukia sabuni. Kinyozi aliinama kutoka nyuma, na leo hakuwa na kicheko.

"Nimemwona asubuhi hii," alisema. "Tanuri, pale pale anapopandia. Tumepita mbio lakini nimemwona. Alikuwa akitazama madirisha. Alipokiona kitambaa akapunga mkono."

Karani alitazama saa yake.

"Hebu sogeza mkono, kaka," alisema. "Nataka kufungua dirisha."