Mgeni wa Kila Dakika Tano

Mwololo alikuwa na mgeni mmoja asiyekosa kuja. Hakuwahi kumwona kwa macho, maana mgeni mwenyewe aliingia kwenye tovuti tu, ile ambayo bintiye Wavinya alimtengenezea zamani ili watu wajue kuna fundi saa katika jumba la vibanda nyuma ya Biashara Street. Wateja walioletwa na tovuti hiyo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vingine vikabaki. Lakini kila alipofungua ukurasa wa takwimu kwenye simu, mgeni yupo. Asubuhi yupo, mchana yupo. Na kwenye safu ya nchi paliandikwa: Ujerumani.

Wavinya anaishi Ujerumani. Basi ungemwambia nini mzee?

Hawakuwa wamezungumza tangu mazishi ya mama yake Wavinya, miaka mitatu nyuma. Wavinya aliomba wamngoje. Tiketi ilishapatikana, alikuwa akija. Wazee wa ukoo kule Kitui wakasema tarehe imeshatangazwa na hema limeshapigwa, na Mwololo, ambaye maisha yake yote alibishana na kila mtu isipokuwa wazee wa ukoo, akainamisha kichwa. Wavinya alifika akakuta udongo umeshatulia. Akampa baba yake mkono kama anavyopewa mtu wa kamati, akarudi alikotoka.

Kwa hiyo yule mgeni wa Ujerumani alikuwa kila kitu. Mwololo akila peke yake nyumbani Woodley, kwenye meza ya watu sita, aliegemeza simu kwenye chupa ya maji akatazama idadi ikipanda. Hataki kuniongelesha, sawa, alijiambia, lakini anakuja kunichungulia. Roho ikatulia, akamaliza ugali wake.

Aliyeharibu mambo ni Anita, auzaye miwani katika nusu ya mbele ya kibanda cha Mwololo, mama mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri.

"Mzee, kwani huyo mgeni wako halali usingizi?" aliuliza mchana mmoja, akichungulia simu. "Mtu gani anaingia mahali pamoja kutwa nzima na hanunui hata betri? Si uulize ile AI ya hao watu wa website. Inajua kila kitu."

Mwololo alisita. Mtu mwenye furaha ndogo hana haraka ya kuipekua. Lakini Anita alishamfungulia msaidizi, ile akili mnemba ambayo kampuni inayohifadhi tovuti imewawekea wateja wake, na sasa alisimama akimngoja. Akaandika kwa kidole kimoja: Huyu anayeingia kutoka Ujerumani ni nani?

Jibu likaja upesi, na adabu zake zote. Si mtu. Ni mlinzi wa tovuti, programu inayobisha hodi kila dakika tano kuona kama ukurasa unafunguka. Kompyuta inayobisha iko Ujerumani.

Anita alianza kucheka, akamwona uso, akaacha. Akaenda kupanga miwani iliyokuwa imepangwa tayari.

Mwololo aliona aibu, ile ya kumpungia mkono mtu mtaani kisha ukagundua humjui. Miaka mitatu amekula chakula na mashine! Alitaka kuiweka simu mfukoni, ila jambo moja likamkwama: mashine haijileti. Akaandika: Nani aliiweka? Nipe habari zake zote.

Msaidizi akazileta. Jina la mlinzi: Kwa Baba. Hali: tovuti iko hewani. Aliyemweka: Wavinya Mwololo. Tovuti ikizimika, taarifa inatumwa kwa: Wavinya Mwololo. Mara ya mwisho kutuma taarifa: haijawahi.

Haijawahi. Alisoma tena. Mtoto alikuwa ameacha njia moja wazi, na miaka yote hiyo hakuna kilichopita humo, kwa sababu tovuti ilikuwa nzima kupita kiasi. Laiti ingeharibika japo mara moja.

Mwololo akaandika: Zima tovuti.

"Una uhakika? Wageni hawataweza kuiona," msaidizi akauliza.

"Wageni gani?" Mwololo akajibu kwa sauti, akabonyeza ndiyo.

Aliweka simu juu ya meza ya kazi, kati ya saa zilizofunguliwa matumbo, akangoja. Haikulia. Alipouliza, msaidizi akasema tovuti imewashwa tena, na aliyeiwasha ni Wavinya, ambaye bado ana nywila yake tangu alipoitengeneza. Yupo! Ameona! Akaizima tena. Ikawashwa tena, upesi zaidi. Mzee wa watu akacheka peke yake, hata Anita akageuka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza tangu makaburini, baba anazima, binti anawasha. Akazima mara ya tatu.

Simu ikalia. Aliinyakua hadi ikataka kumponyoka. Ulikuwa ujumbe: Tovuti yako haipatikani. Tafadhali ishughulikie.

Hakuelewa. Akamuuliza msaidizi, naye akamweleza bila huruma na bila ubaya: anayepokea taarifa amebadilishwa sasa hivi. Wavinya ameondoa jina lake, ameweka lako. Je, ungependa nilirudishe la zamani?

Hapo ndipo upweke ulipomshika sawasawa, katikati ya mji uliojaa watu, Anita akiwa hatua mbili kutoka kwake. Angeweza kusema ndiyo. Lakini alishawahi kumwamulia Wavinya jambo bila kumngoja, na hakutaka la pili. Akaandika hapana. Kisha akatafuta namba ambayo hakuwahi kuthubutu kuipiga tangu mazishi, akapiga.

Iliita sana.

"Baba."

"Ni mimi niliizima."

"Najua." Nyuma yake watu walikuwa wakiongea lugha ya huko. "Mara ya kwanza nilidhani umekufa. Nikasema, wameshazika tena na mimi sijaambiwa. Nimekaa chini kwa ngazi hapa kazini. Halafu ikazimwa tena, nikajua ni wewe unacheza. Baba, mimi siwezi hiyo kitu."

Mwololo akafungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, ya wazee, ya hema, ya kuomba msamaha, ameyarudia mwenyewe mara ngapi kwenye ile meza ya Woodley. Hakuna hata moja lililotoka. Lakini Wavinya hakukata simu. Alimsikia akipumua, akimngoja.

"Huko," akasema hatimaye, "huko kuna baridi?"

"Kuna baridi sana, Baba."