Mshale wa Mama Kufuli

Mhazili wa shule ile ya bweni aliitwa Mama Kufuli, na jina hilo alilitolea jasho. Kabati lake lilikuwa na kufuli, droo ilikuwa na kufuli, hata kopo lake la sukari alilifunga kwa uzi wenye mafundo aliyoyajua mwenyewe. Wiki hiyo alikuwa akichapa mtihani wa majaribio wa darasa la mwisho, na alikuwa ametia saini mbele ya mkuu wa shule: mtihani ukivuja, kazi hana. Basi kila alipotoka ofisini alikitia kipanya cha kompyuta mkobani akaondoka nacho. Kwa imani yake, kompyuta isiyo na kipanya ni gari lisilo na usukani. Mwizi ataketi aitazame tu.

Asubuhi hiyo alirudi kutoka kwenye chai, akaketi, akasukuma kipanya. Mshale wa kwenye skrini haukutikisika. Akakisugua mezani kama anayefua soksi. Wapi! Akakiacha, akakunja mikono. Hapo mshale ukaondoka wenyewe, ukatembea taratibu kama mwenye shamba anayekagua mipaka, ukafika juu ya faili la mtihani, ukabofya mara mbili. Maswali yote yakafunguka peupe.

Mama Kufuli hakupiga kelele. Watu wa aina yake hawapigi kelele, hukaza macho.

Alianza upelelezi. Kamera iliyo juu ya skrini aliibandika plasta ya kidonda. Maikrofoni aliichomoa, akaifungia kwenye droo. Skana aliifunua, akachungulia kioo chake, akajiona mwenyewe na kujitilia shaka kidogo. Kibodi aliipindua, ikamwaga makombo ya mkate na pini mbili, lakini ilipogeuzwa iliandika kila herufi aliyoibonyeza. Hiyo akaiondoa kwenye orodha ya watuhumiwa. Mshale, kwa upande wake, uliendelea kuzurura. Na kila ulipokwenda mbio, ng'ambo ya ukuta kiti kililia kwiii.

Ng'ambo ya ukuta ilikuwa stoo, na mtunza stoo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye binti yake alikuwa darasa la mwisho. Mama Kufuli akajumlisha moja na moja, akapata kumi na moja. Si yeye aliyeulizia kwenye chai kama mtihani umekwisha? Si yeye aliyemcheka kuhusu lile kopo? Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa kibodi, bila kugusa kipanya, aliandika barua pepe kwa mkuu wa shule. Alimtaja shemeji, akamtaja na binti kwa jina lake kamili. Alipomaliza, mkono ukawa mzito. Damu ni damu, alijiambia. Ngoja niisome tena. Alikuwa mstari wa pili mshale ulipokuja mbio, ukapita juu ya "Tuma", ukabofya. Barua ikaenda.

Haikupita robo saa mkuu wa shule akaingia na fundi kompyuta. Shemeji aliitwa, akaja na kipanya chake mkononi, akilalamika kwamba betri imekufa na tangu chai amekuwa akikisukuma na kukibofya bure. Mama Kufuli akamwambia mkuu amwangalie jinsi anavyojifanya.

Fundi hakumwangalia shemeji. Aliviangalia vipanya viwili, vyeusi, mapacha wa boksi moja, akauliza kwenye chai viliwekwa wapi.

"Mezani," shemeji akasema. "Shemeji ndiye aliyenifundisha kutembea nacho, nikazane na usalama."

Fundi akacheka mpaka akaegemea kabati. Akaeleza kwamba tumboni mwa kipanya mna taa ndogo na jicho linalopiga picha za meza haraka haraka. Picha zikibadilika, kipanya kinajua kimekwenda kushoto au kulia, kisha kinatuma habari hewani kwa kidude chenye ukubwa wa ukucha kilichochomekwa kwenye kompyuta. Kidude kinakisikiliza kipanya chake tu, wala ukuta haukizuii. Walibadilishana vipanya kwenye chai. Kila mmoja alikuwa akiiendesha kompyuta ya mwenzake.

"Kwa hiyo ameuona mtihani," alisema Mama Kufuli.

"Hapana, mama. Kipanya, kibodi, skana, wote hao ni wajumbe wa kuingia ndani tu. Kinachokuletea habari ni skrini, na skrini yako umekaa nayo wewe."

Mkuu alitaka ushahidi. Alimpeleka shemeji stoo na kile kipanya alichokuja nacho, akasimama mlangoni amwone, akamwamuru akisogeze. Huku ofisini mshale ukacheza juu ya maswali. Mkuu akamuuliza shemeji anaona nini kwenye skrini yake.

"Maharage, magunia kumi na mawili," shemeji akajibu. "Sabuni sijafika."

Mkuu akatangaza kwamba mtihani ni salama na mhazili anabaki na kazi yake. Kisha akasema, kwa uso wa jaji, kwamba ni mara yake ya kwanza kupokea mashtaka yaliyotumwa na mshtakiwa mwenyewe. Shemeji akaomba kuyasoma. Alianza akitabasamu. Alipofika kwenye jina la binti yake akaacha.

"Mimi sawa, shemeji," alisema polepole. "Huyu ulimwona wapi akiiba?"

Akarudi stoo. Mama Kufuli akamuuliza fundi kama barua iliyokwenda hurudi. Fundi akatikisa kichwa. Basi akaketi, akaandika nyingine ya kumsafisha mtoto, akaisoma mara tatu, akaituma kwa mkono wake. Halafu akaenda stoo. Mlango ulikuwa wazi na shemeji anamwona, lakini alisimama nje.

"Hodi."

Shemeji aliendelea kuhesabu sabuni.

"Hodi, shemeji."

Aliandika kitu, akafuta, akaandika tena.

"Hodi," alisema mara ya tatu, ile ambayo mtu akikosa jibu huondoka.

"Karibu," shemeji akasema, bila kuinua kichwa. "Utafute pa kukaa."