Nafasi Tupu Kwenye Daftari la Mvua

Kabla hakujapambazuka nilisikia kijiko kikigonga kikombe jikoni. Wifi yangu alikuwa ameamka kunichemshia chai, maana alijua sikulala.

"Kunywa, mke wa mvua," akasema. "Leo unapewa talaka."

Nilicheka, nikapokea kikombe. Mtaalamu wa hali ya hewa alikuwa anakuja kuamua kama madaftari yangu yatatumika au yatatupwa. Miaka thelathini na mmoja nimepima mvua ya mlima huu mkavu, kila siku saa tatu asubuhi, kwenye kipimamvua kilichosimama nyuma ya nyumba.

Alipofika, nikaona ni binti mdogo. Alikung'uta vumbi la viatu mlangoni bila kuambiwa, akafungua daftari.

"Bibi, siku nyingi hujaandika kitu. Ofisini hiyo inahesabiwa kwamba hukupima. Sifuri ziko wapi?"

"Mvua haikunyesha, mjukuu wangu. Niandike nini?"

Wifi akadakia, "Mlitaka aandike upepo?"

Binti alicheka, kisha akatikisa kichwa. "Nitawaambia nini wakubwa? Nafasi tupu haina ushahidi."

Hapo nikajifunga kibwebwe. Nikafunua ukurasa wenye alama nyekundu.

"Hapa nililazwa hospitali. Hapa tulimzika mume wangu. Siku nisiyopima naitia wino mwekundu, na maji niliyoyakuta baadaye nayaandikia kwamba ni ya siku mbili au tatu. Pasipo na wekundu, nilikwenda, nikakuta kumekauka. Kagua yote. Sina haraka."

Akakagua kweli, daftari baada ya daftari, mpaka chai ikapoa. Macho yangu yaliposhindwa, alinisomea tarehe polepole, bila kunionyesha kwamba ameona. Jua lilipogeuka akaweka kalamu chini.

"Mwanzoni mvua ilinyesha siku sabini kwa mwaka. Sasa hazifiki arobaini, na mvua ikija inashuka kwa kishindo."

"Na kuondoka na udongo wa shamba," nikasema. "Hilo nalijua bila daftari."

"Wengine hawalijui, Bibi. Nitaandika maelezo ukurasa wa kwanza: nafasi tupu ni siku kavu. Nayachukua madaftari yote, na wakibisha watanikuta. Lakini kuanzia kesho, sifuri!"

"Nitaziandika hata vidole vikivimba."

Wifi alimfungia mahindi ya kuchoma ya njiani. Nikamsindikiza mpaka kwenye kona ya njia, nikamshika mkono.

"Urudi, mwanangu. Hata kama huna la kukagua, njoo tu."