Chembe cha Moyo

Ninahazwe alikuwa mkalimani. Kwa miaka sita alikuwa akikaa katikati ya daktari na mgonjwa kwenye kliniki moja mjini Durban, upande huu Kiingereza, upande ule Kiswahili cha kila namna: cha Bukavu, cha Kigoma, cha Mombasa, na hicho chake mwenyewe alichokulia nacho Buyenzi, Bujumbura, kilichochanganyika na Kirundi na Kifaransa. Shahada yake ya uzamili aliisoma jioni jioni kwa miaka minne. Mwaka huu, akiwa na miaka arobaini na mmoja, aliamua kuomba nafasi ya kusomea uzamivu.

Andiko lake la utafiti lilifika kurasa kumi na mbili. Mumewe Gustave, aliyefanya kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala huko Clairwood, alilisoma lote akiwa bado na buti za kazini miguuni.

"Iko muzuri," alisema alipomaliza. "Iko na maneno ya bakubwa."

Ninahazwe alilipokea hilo kama sifa. Akalituma andiko kwa Profesa Cele, mama aliyefundisha isimu katika chuo kikuu kule Westville, akiomba awe msimamizi wake. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, nalo lilikuwa mistari mitatu. Umeandika vizuri. Sijaona bado ni nini hasa unachotaka kukijua. Njoo Jumanne tuzungumze.

Jumanne alipanda taxi mbili hadi Westville, akaikwea ile njia ya mlima ya kampasi kwa miguu huku magari ya wanafunzi yakimpita. Profesa Cele alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na meza iliyojaa karatasi. Alizungumza Kiingereza polepole, kama mtu asiyetaka neno lake lipotee.

"Hapa umetaja wataalamu ishirini na wanne," alisema, akiligeuza andiko. "Wewe mwenyewe sijakuona. Kwa nini wewe, na kwa nini jambo hili?"

Ninahazwe alitazama mikono yake. Jibu alikuwa nalo, ila hakuwahi kumwambia mtu yeyote zaidi ya Gustave. Akalitoa.

Miaka miwili nyuma, mwanamume mmoja Mtanzania, dereva wa lori, alikuja kliniki akasema chembe cha moyo kinamchoma. Ninahazwe hakuwahi kulisikia neno hilo. Buyenzi hawakulisema hivyo. Lakini alisikia neno moyo, na foleni ilikuwa ndefu, akamwambia daktari kwamba mgonjwa anachomwa na maumivu moyoni. Daktari akaandika barua. Dereva akapelekwa kupimwa moyo, na kampuni yake, ilipoiona barua ile, ikamwondoa barabarani. Baadaye sana ndipo ikajulikana kwamba chembe cha moyo, kwa Watanzania wengi, ni pale juu ya tumbo, chini kidogo ya kidari. Yule bwana alikuwa na vidonda vya tumbo tu.

"Alirudi kliniki kunitafuta," Ninahazwe alisema. "Hakupiga kelele. Aliandika namba yake ya simu kwenye karatasi, akanipa, akaniambia: siku utakapokijua Kiswahili, nipigie."

Profesa Cele hakucheka. "Mbona haya hayamo kwenye andiko?"

"Ni aibu yangu."

"Utafiti wako uko hapo. Lakini kisa hicho si chako peke yako. Huyo bwana ana haki ya kukataa. Kamwulize kwanza. Mwisho wa kupokea maombi ni wiki tatu kutoka leo."

Jina la yule dereva lilikuwa kwenye faili la kliniki, pamoja na anwani yake, na kabati la mafaili lilikuwa hatua kumi kutoka kiti cha Ninahazwe. Hakuligusa. Faili lile lilikuwa la matibabu, halikuwa la shughuli zake. Alichukua namba aliyopewa na mwenyewe. Siku mbili nzima aliizungukazunguka simu, akifua nguo ambazo hazikuwa chafu, mpaka Gustave akamwambia, "Piga tu. Akikutukana, utakuwa umetukanwa. Utalala, utaamka."

Akapiga.

"Ni Ninahazwe, mkalimani wa kliniki."

Upande wa pili redio ilizimwa.

"Umeshakijua?" sauti ikauliza.

"Bado, papa. Ndiyo sababu nimepiga."

"Njoo Jumapili, baada ya misa. Tunakaa Bluff."

Jina lake lilikuwa Deusdedit, mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye mvi za mapema. Mkewe, Blandina, ndiye aliyefungua mlango. "Karibu, dada," alisema, na mara hiyo hiyo akaenda kuinjika chai, kama mtu aliyeona kwamba hao wawili wanahitaji kitu cha kushika mikononi. Kutoka sebuleni zilionekana kreni za bandari, zimesimama kwa sababu ya upepo.

"Papa Deusdedit, nimekuja kuomba msamaha kwanza," Ninahazwe alianza. "Halafu niko na ombi."

"Mimi si papa wako, tunalingana."

"Kwetu ni heshima."

"Basi sawa." Alikaa. "Unajua walinifanya nini? Walinivua funguo. Miaka kumi na saba naendesha lori, sijawahi kugonga hata ndoo. Wakaniweka getini na kalamu, naandika namba za magari ya wenzangu. Miezi mitatu. Wenzangu wakawa wananisalimia kwa upole, kama unavyomsalimia mgonjwa."

Ninahazwe hakujitetea. Alikuwa amejiandaa na maelezo, kwamba foleni ilikuwa ndefu, kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha, lakini alipomtazama yule bwana aliyaona hayana uzito wowote, akayaacha.

"Na usiku?" Blandina alisema akiweka vikombe. "Halali. Ananisikilizisha moyo wake. Naweka sikio kifuani, namwambia unapiga vizuri, haamini." Akaketi karibu na Ninahazwe. "Mwambie na lile lingine, Deus."

"Lipi?"

"Unalijua."

Deusdedit alijifanya anatazama kreni, kwa hiyo Blandina akalisema mwenyewe. Mumewe, akiamini anakufa, aliona kitu kimoja tu cha kumwachia mkewe. Kila jioni akitoka getini alimchukua kwenye uwanja mtupu karibu na nyumba, akamfundisha kuendesha gari. Alikuwa mwalimu mkali. Siku ya kwanza barabarani, taa ya robot ilipogeuka kijani gari lilimzimikia mara tatu, na watu nyuma wakapiga honi, na Deusdedit akateremka kwenda kuwaomba radhi mmoja mmoja.

"Leseni nilipata kwa jaribio la kwanza," Blandina alisema. "Sasa nawapeleka watoto wa majirani shule, ni kazi yangu hiyo. Kwa hiyo mimi, dada, siwezi kukuchukia sana."

Deusdedit alitabasamu kidogo, bila kupenda. "Sema ombi lako."

Alilisema. Alitoa kurasa mbili alizoziandika upya usiku wa juzi na akazisoma kwa Kiswahili, kwa sauti, akizifasiri kutoka Kiingereza kadiri alivyokuwa akienda. Alipofika mahali alipoandika kwamba mgonjwa hakujieleza kwa namna inayoeleweka, Deusdedit aliinua mkono.

"Hapo. Rudia."

Akarudia.

"Sikubali hilo. Mimi nilijieleza. Nilisema chembe cha moyo, na nikaweka kidole pale pale panapouma. Hakuna Mhaya wala Msukuma wala Mzaramo asiyenielewa. Mimi nilisema sawasawa. Wewe ndiye uliyesikia vibaya."

Ninahazwe alibaki na kalamu hewani. Kidole. Ni kweli, mtu huyu alikuwa ameweka kidole juu ya tumbo, na yeye alikiona, na bado akasema moyo, kwa sababu neno lilikuwa limeshamkamata. Kurasa zote kumi na mbili zilikuwa zikiuliza wagonjwa wanasema nini. Hakuna hata mmoja uliouliza wakalimani wanasikia nini, na wanafanya nini na neno wasilolijua pale ambapo daktari anatazama saa.

"Niko nakuelewa," alisema taratibu. "Basi ni sisi wakalimani wa kuchunguzwa. Na mimi wa kwanza."

"Andika hivyo, nami nakubali. Jina langu usiliweke. Ila miezi mitatu iweke. Usiandike muda mfupi."

Alirudi nyumbani akaanza upya. Kurasa kumi na mbili zikawa saba. Wale wataalamu ishirini na wanne wakabaki tisa. Gustave alisoma tena, safari hii polepole, na alipofika kwenye ile miezi mitatu alisimama, akamtazama mkewe, kisha akaendelea. Mwishoni alisema tu, "Hii ni wewe." Maombi yalitumwa siku nne kabla ya mwisho, na Profesa Cele akajibu siku hiyo hiyo kwamba amekubali kuwa msimamizi, endapo jopo litaridhika.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mmoja, bwana mwembamba aliyekuwa ameliwekea andiko lake alama nyingi nyekundu, alimwuliza swali alilokuwa akiliogopa.

"Unataka kuchunguza makosa ya wakalimani, na wewe ni mkalimani uliyekosea. Tutakuaminije?"

"Msiniamini," Ninahazwe alisema. "Ndiyo maana nimeandika kwamba kila mazungumzo yatarekodiwa kwa ridhaa ya wote, na msikilizaji wa pili, asiyenijua, ayasikilize bila kuona nilichoandika mimi. Nikikosea tena, yeye ataona. Mara ya kwanza hakukuwa na mtu wa kuona isipokuwa mgonjwa, na mgonjwa hakujua Kiingereza."

Yule bwana aliandika kitu. Hakuonyesha kama amependa au hakupenda. Akauliza maswali mengine mawili magumu, moja akalijibu, la pili akasema hajui. Alipotoka nje alikula ndizi mbili mfululizo akiwa amesimama.

Majibu yalikuja Novemba, asubuhi, katikati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Amekubaliwa, kwa masharti mawili: asome somo la mbinu za utafiti muhula wa kwanza, na apate kibali cha maadili kabla ya kurekodi neno lolote. Aliisoma barua mara mbili kwenye simu, akaiweka mfukoni, akaita anayefuata. Mama wa Kikongo aliingia, akasema mwili unawaka, na Ninahazwe, kabla ya kumgeukia daktari, alimwuliza kwa utulivu, "Mama, unawaka namna gani? Nionyeshe ni wapi."

Daktari alitazama saa. Ninahazwe akamwacha aitazame.

Siku ya kujiandikisha, mwezi wa pili, Gustave alibadilishana zamu ili ampeleke. Walisimama kwenye foleni kwa muda wa saa mbili na nusu, na Ninahazwe alipopigwa picha ya kitambulisho alifumba macho, ikabidi arudie. Profesa Cele alimpa orodha ya vitabu kumi na moja na kumwambia anataka kurasa kumi kabla ya Pasaka, nzuri au mbaya, mradi ziwe zake. Gustave ilimbidi aondoke kuwahi kazini. Ninahazwe alimsindikiza hadi kituoni, akangoja taxi iondoke, kisha akakwea tena ule mlima kwenda maktaba kutafuta kitabu cha kwanza.